Funza wa Miguu Minne

Bukavu, Ibanda, 6 Februari 2000

Papa mpendwa,

Ninakusalimu wewe na maman. Natumaini Masera Anne-Marie, mtawa wetu wa misioni, amewafikishia chumvi na sabuni pamoja na barua hii. Mimi niko mzima. Wiki hii mji umetulia, soko linafunguliwa, tunasoma.

Papa, nina tatizo, na nimeona ni wewe peke yako unayeweza kunitoa. Mwaka huu ndio wa kumaliza. Nilikuwa nimekubaliwa kuandika mémoire yangu, kitabu cha kumalizia chuo, juu ya wadudu wanaoishi ndani ya miti iliyokufa, kule msituni, ndani ya parki. Sasa barabara ya msitu imefungwa, wenye bunduki wako kila upande. Profesa wetu Floribert ameniambia wazi: «Eulalie, tafuta somo lingine ama upoteze mwaka.»

Sitaki somo lingine. Nimelipenda hili tangu mwaka wa kwanza. Je, ule mti mkubwa wa muvumu ulioanguka kando ya kijito, nyuma ya nyumba yetu, mwaka wa vita vya kwanza, bado uko? Ama maman ameumaliza jikoni?

Najua miaka arobaini ya kazi yako ya minwizie, ya useremala, umekuwa adui wa wadudu hao. Umewamwagia petroli, umewachoma kwa waya wa moto, umewatukana. Sasa nakuomba uwaangalie tu, usiwaue, halafu uniandikie unachokiona. Mimi siwezi kufika huko, barabara ni mbaya. Wewe utakuwa macho yangu.

Mtoto wako,
Eulalie

*

Nyangezi, 20 Februari 2000

Mutoto wangu Eulalie,

Barua yako imefika, na chumvi imefika, aksanti. Muti uko. Maman yako alimaliza matawi yote, lakini shina lilimushinda, shoka likaruka na yeye akaliacha. Nilipomusomea maneno yako alicheka mpaka akakaa chini. «Tulimutuma Bukavu asome, sasa anatuomba funza!» Lakini ameapa hatagusa tena ule muti, na wewe unamujua, akiapa ameapa.

Nilienda kuuangalia muti asubuhi ya Jumatatu. Nikafikiri: nikipasua na shoka, nyumba yao itabomoka, nitaona tu watu wanakimbia. Unajua mutu anayekimbia hakuonyeshi vile anaishi. Basi nikachukua tindo na musumeno mudogo. Nimekata madirisha sita kwenye shina, kila moja sawa na kiganja changu. Kila dirisha iko na mulango wake wa mbao, na bawaba yake ni kipande cha ngozi ya kiatu changu cha zamani. Nafungua pole, naangalia, nafunga. Ndani wanaendelea na kazi yao kama hakuna kitu.

Eulalie, sikujua. Miaka arobaini nimeshika mbao na sikujua. Dirisha la kwanza ni muchwa, hao ninawafahamu. La pili, jongoo, na vidudu vyeupe vidogo vinavyoruka kama unga uliopulizwa. La tatu niliona kitu kama nge, lakini kidogo kupita punje ya mutama, tena hana mukia. Mbele anashika makoleo mawili, yuko tayari kupigana na mimi! La tano bado sijaelewa. Ndani kuna njia pana, safi kama imefagiliwa, na mutu anatembea humo gizani. Nasikia miguu yake.

Muti ulipokuwa muzima tulikuwa tunakaa chini yake sisi watatu. Sasa umekufa na watu wake hawahesabiki.

Papa yako,
Zagabe Grégoire

*

Bukavu, 5 Machi 2000

Papa,

Barua yako niliisoma darasani kwa sauti. Nilipofika kwenye bawaba za ngozi ya kiatu, wenzangu walipiga makofi. Hapa hakuna aliyefikiria kufanya hivyo. Sisi wote tulijifunza kupasua.

Huyo nge asiye na mkia ni wa kweli, ana jina lake katika sayansi, na mara nyingi anasafiri chini ya mabawa ya wadudu wakubwa, kama abiria. Ukimuona tena juu ya mdudu, andika ni mdudu gani.

Sasa nakuomba kitu kimoja kigumu. Fungua madirisha kila siku, saa ileile, na uandike: tarehe, namba ya dirisha, mvua ama jua, umeona nini, wangapi. Hata kama hujaona kitu, andika «hakuna». Nimekutumia daftari tatu zenye mistari. Siku moja ikikosekana, Profesa Floribert ataishika hiyohiyo na kuuliza kuna nini hapo. Yeye ni mtu wa namna hiyo. Vitabu vya maabara yetu viliporwa vita vilipoingia mjini, na tangu hapo haamini tena ila kile anachoshika kwa mkono.

Nieleze juu ya dirisha la tano.

Eulalie

*

Nyangezi, 9 Aprili 2000

Mutoto wangu,

Nimewaona watu wa dirisha la tano.

Ni wadudu weusi, wakubwa kama kidole changu kidogo, wanang'aa kama kiatu cha padri siku ya Pasaka. Mugongoni wako na mistari, utasema mutu aliipiga na randa ya mapambo. Wako wawili, dume na jike, na wanakaa pamoja. Siku kumi na tisa nimefungua, siku kumi na tisa nimewakuta pamoja. Na katikati yao kuna watoto, funza weupe saba, wembamba, kichwa cha manjano.

Sasa sikia. Wazazi wanatafuna muti, wanaulainisha, wanauweka mbele ya watoto kama uji. Watoto wanakula. Nilipotoa ule uji kidogo na kijiti, mama (ama baba, sijui kuwatofautisha) alikuja akaweka mwingine palepale. Mimi nilifikiri mududu anazaa na kukimbia. Hawa hawakimbii.

Na wanaongea. Ukiweka sikio kwenye shina utasikia kama mulango mudogo unaolia. Nimegusa mukubwa mumoja, analia. Mwingine anamujibu.

Kuna jambo moja linanisumbua. Funza wao wana miguu minne tu. Pale miguu ya tano na ya sita ingekuwa, kuna vijiti viwili vifupi sana, havifiki chini. Ulinifundisha ukiwa mudogo, ulipotoka shule, kwamba mududu ni miguu sita. Basi nakuuliza, hawa ni nini?

Nge wako asiye na mukia nilimuona juu ya mumoja wa weusi, chini ya bawa. Amepanda bure.

Zagabe Grégoire

*

Bukavu, 23 Aprili 2000, Pasaka

Papa mpendwa,

Pasaka njema kwako na kwa maman. Leo kanisa lilijaa mpaka nje, tuliimba sana.

Profesa Floribert amefurahi mno na kazi yako. Amesema ni nzuri.

Ila, Papa, nakuomba uhesabu tena miguu. Mdudu ana miguu sita, hilo halina mjadala, na mtoto wa mdudu wa aina hiyo ana sita vilevile. Labda miwili ilikatika ulipokata dirisha, ama imejikunja chini ya tumbo. Usiniandikie unachopenda kukiona, niandikie kilichopo. Nisamehe kusema hivyo. Mbele ya jury, wale watakaonitahini, nitasimama mimi, si wewe, na wakinikuta na funza wa miguu minne watacheka mpaka kesho yake.

Na hilo la kulisha watoto, uliona kweli? Mara ngapi?

Eulalie

*

Nyangezi, 30 Aprili 2000

Eulalie,

Nimepima mbao miaka arobaini. Nikisema mita moja na ishirini, ni mita moja na ishirini. Hakuna mulango wangu hata mumoja, hapa Nyangezi mpaka Nyantende, unaokwaruza chini.

Nimehesabu funza thelathini na mumoja, katika madirisha mawili na kwenye gogo lingine ng'ambo ya kijito ambalo sijalikata hata kidogo. Wote miguu minne. Wote vijiti viwili vifupi. Na vile vijiti havikukatika, kwa sababu vinacheza. Wanavisugua hapo juu ya muguu wa mbele yake, upesi upesi, kama mutu anayepiga randa. Ninafikiri ndivyo watoto wanavyoongea.

Kuwalisha watoto nimeona mara kumi na nne. Tarehe ziko kwenye daftari.

Ninakutumia chupa ya pombe, kanyanga kali, na funza wanane ndani yake, ili wasioze njiani. Hesabu mwenyewe.

Papa yako

*

Bukavu, 4 Juni 2000

Papa,

Chupa haikufika. Masera Anne-Marie amenisimulia mwenyewe. Kwenye barieri ya pili, kizuizi cha barabarani, askari waliona kanyanga, wakasema ni kodi, wakainywa pale pale mbele ya gari. Masera aliwapigia kelele: «Kuna wadudu ndani!» Mmoja akamjibu: «Masera, sisi tumeshakula vibaya kupita hapo.» Funza wako wanane waliishia majanini. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka, halafu nikaenda kulia, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Profesa kumwonyesha.

Daftari ya pili nimeipata kwa salama. Ni kazi safi. Lakini, Papa, kwa nini kuna shimo? Tarehe 8 Mei umeandika vizuri, halafu tarehe 9 mpaka 19 hakuna kitu. Siku kumi na moja! Hata neno «hakuna» halipo. Na ni siku zilezile ambazo watoto walikuwa karibu kugeuka kuwa wakubwa, siku nilizozihitaji kuliko zote. Nilikueleza tangu Machi. Kama ulichoka ungeniambia, ningeomba mtu mwingine.

Tarehe 20 Mei umeanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwandiko wako umebadilika, kalamu ni ya risasi. Tafadhali nieleze niweze kulijibu hilo.

Eulalie

*

Nyangezi, 11 Juni 2000

Mutoto wangu,

Unisamehe juu ya zile siku. Nilikuwa na shughuli za nyumba. Bic ilipotea.

Watoto wawili wa dirisha la tano wamegeuka wakubwa. Kwanza wanakuwa wekundu kama matofali, kisha wanakuwa weusi. Wazazi waliwajengea kijumba cha unga wa muti wakati wamelala, na kijumba kilipobomoka upande mumoja walikitengeneza kutoka nje, na yule aliye ndani akakitengeneza kutoka ndani. Niliangalia saa nzima, nikasahau kula.

Usijali juu yetu. Soma.

Zagabe Grégoire

*

Nyangezi, 25 Juni 2000

Eulalie mwanangu,

Mimi si mutu wa kuandika, unajua, lakini leo nimeomba karatasi kwa Masera na naandika pole pole bila papa yako kujua.

Umemugombeza juu ya siku kumi na moja. Aliisoma barua yako mara mbili, akaikunja, akasema: «Mutoto iko na haki.» Basi acha nikuambie, kwa sababu yeye hatakuambia kamwe.

Tarehe 9 mwezi wa tano, alfajiri, wenye bunduki waliingia kwenye kilima chetu. Tulikimbia kwa kijito. Tulilala mashambani siku nne, tukakula mihogo mibichi. Nyumba waliichoma. Vyombo vya kazi vya papa yako, randa, misumeno, vyote vile alivyorithi kwa babu yako, wakabeba. Hakuna aliyekufa kwetu, tumushukuru Mungu, lakini kwa jirani walikufa watatu. Sasa tunakaa misioni, ndani ya darasa moja na familia saba.

Wiki ya kwanza hapa papa yako hakutoka darasani. Alilala akiangalia ukuta. Nilimuletea chakula, akakataa. Niliogopa, Eulalie. Kisha tarehe 20 aliamka kabla yangu, akaomba kalamu ya risasi kwa mwalimu, akaondoka. Nilimufuata kwa mbali. Alipita kwenye nyumba yetu iliyoungua bila kugeuza kichwa, akaenda kwenye muti. Akafungua dirisha. Nilimuona anaanza kucheka peke yake. «Georgette, kuja uone! Wako! Wote wako!»

Tangu siku ile anakula. Kila asubuhi anatembea saa moja kwenda, saa moja kurudi. Tindo ilibaki moja tu, na daftari, kwa sababu alikuwa ameviacha ndani ya muti.

Aliogopa ukijua utaacha masomo uje, hata Masera alimuomba asikuambie kitu. Mimi nakuambia ili uache kumugombeza. Usije.

Maman yako,
Georgette

*

Bukavu, 2 Julai 2000

Papa na maman,

Sijui nianzie wapi. Nimeandika karatasi tatu na kuzichana.

Papa, nilikuuliza shimo lile ni la nini, na wewe ukaandika «shughuli za nyumba». Nyumba yenyewe ilikuwa majivu. Nisamehe. Nimeyasoma tena maneno yangu yale, «kama ulichoka», nikaona haya mpaka Masera akaniuliza kama ninaumwa.

Na kwa kuwa leo tunasema ukweli, nami nimekudanganya. Profesa Floribert hakufurahi kamwe. Siku ya Pasaka nilikuandikia kwamba amesema ni nzuri. Alichosema ni hiki: «Mwanakijiji ameona miguu minne kwa sababu hajui kutazama. Futa ukurasa huo wote.» Chupa ilipokosekana akasema tena: «Unaona? Hata wadudu wenyewe hawapo.» Ananitaka nibaki na orodha ya majina tu, na nitoe sura ya tatu nzima, ile ya familia, ya sauti na ya miguu.

Mimi nimechoka, Papa. Nataka kuja Nyangezi niwasaidie kusimamisha nyumba. Mémoire inaweza kungoja.

Eulalie

*

Nyangezi, 9 Julai 2000

Eulalie,

Hapana.

Nyumba nitaijenga mimi, nimejenga za wengine tangu nina miaka kumi na nane. Wewe huwezi hata kunyoosha musumari. Lakini mimi siwezi kuandika kitabu. Kila mutu ashike chake.

Juu ya Profesa, usimukasirikie. Mimi pia nisingeamini. Hata wewe hukuniamini, na uko damu yangu! Mutu aliyeporwa vitabu vyake anaogopa kuporwa na akili. Lakini ukurasa usifute. Sikuambii hivyo kwa sababu ni wangu. Ni kwa sababu ni kweli. Wale wadudu hawajui kusema uongo. Mimi niliwaona, nimeweka tarehe, na zile siku kumi na moja acha zikae wazi kama zilivyo. Usizijaze.

Ukifuta, nitajua, na nitakuja Bukavu kukuchapa, hata kama una miaka ishirini na tano.

Maman yako anakusalimu. Nimemusamehe kwa barua yake ya siri. Alipika maharagwe mazuri ili nisamehe.

Papa yako,
Zagabe Grégoire

*

Bukavu, 27 Agosti 2000

Papa,

Sikufuta. Sura ya tatu ina kurasa kumi na tisa, na siku kumi na moja ziko wazi, zenye mstari mmoja tu chini yake: «Mwangalizi alikimbia vita.» Profesa Floribert alipoipokea aliipindua, akakuta sura ya tatu bado iko mahali pake, akaiweka mezani. «Mademoiselle, unajua ninaweza kukuangusha kwa hili.» Nikamjibu, «Ninajua, Profesa.» Sikuondoka mbele ya meza yake. Akaandika tarehe ya soutenance, siku ya kujitetea mbele ya jury: Jumamosi 16 Septemba, saa tatu asubuhi.

Wewe usije. Nasema kweli. Gari la Masera limeharibika, na barieri zimeongezeka, ziko tano sasa. Niombee tu kutoka huko. Kama wataniangusha, wataniangusha nikiwa nimesimama.

Eulalie

*

Bukavu, 17 Septemba 2000

Maman yangu,

Kumbe ulijua! Ulijua na ukanyamaza, tena ukamfungia mzigo kwa kitenge chako cha harusi, kile ulichokimbia nacho!

Ijumaa saa kumi nilikuwa napiga pasi blauzi ya soutenance, nikasikia mtu anabisha. Nikafungua. Papa amesimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mgongoni amebeba kipande cha muvumu urefu wa mkono mzima, kimefungwa kwa majani ya mgomba na kitenge, kama mtoto mchanga. Dirisha la tano lenyewe! Amelikata lote na msumeno wa kuazima, pamoja na watu wake ndani. Siku mbili kwa miguu. Nikanyoosha mikono nimpokee mzigo. Yeye akasema: «Nipe maji. Na hawa uwatilie matone mawili.»

Usiku wa njiani alilala kwa katekista mmoja, watu wazuri. Barieri nne alipita bila shida, walifikiri ni mzee mwenye kuni. Ya tano ndiyo walimsimamisha. Nakuandikia alivyonisimulia.

«Muzee, unabeba kuni kutoka Nyangezi mpaka Bukavu? Bukavu hakuna makala ya kupikia?»

«Si kuni, chef. Ni nyumba.»

«Nyumba ya nani? Weka chini. Kuna silaha ndani!»

Wakamnyooshea bunduki. Papa akapiga magoti, akafungua kitenge, akafungua kadirisha kake. Akawaambia waje mmoja mmoja, pole, bila kelele. Yule mkubwa wao akainama. Mdudu mweusi akalia, na yule askari akaruka nyuma na bunduki yake! Wenzake wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Akarudi, akainama tena, akakaa hapo muda mrefu.

«Hawa wadogo ni watoto wao?»

«Ndiyo, chef.»

«Na hawawaachi?»

«Tangu mwezi wa pili nawaangalia. Hawajawaacha.»

Askari akasimama, akajipangusa magoti. Akawaambia wengine waondoe mti wa barieri. «Pita, muzee. Pita pole, usiwatikise.»

Sasa Jumamosi. Ukumbi ulijaa. Papa nilimkalisha nyuma, amevaa koti la kuazima, mikono mirefu kupita yake, na gogo kati ya miguu. Nilisema dakika ishirini bila kuangalia karatasi. Halafu maswali.

Mjumbe mmoja wa jury akauliza juu ya siku kumi na moja. Nikasema: «Tarehe 9 Mei nyumba ya mwangalizi ilichomwa. Tarehe 20 alirudi kazini.» Mjumbe yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Halafu Profesa Floribert akafungua sura ya tatu. «Hapa mwanafunzi anadai funza wa miguu minne. Nilimshauri aifute. Ana ushahidi gani?»

Nikasema: «Profesa, ushahidi umekuja kwa miguu kutoka Nyangezi. Naomba ruhusa papa yangu auingize.»

Maman, ungeona papa anatembea katikati ya ukumbi ule! Polepole, gogo kifuani, kama anapeleka sadaka altareni. Watu walisimama kuona. Akaliweka juu ya meza ya jury, juu ya mémoire yangu kabisa, akafungua dirisha, akasema, «Karibuni. Lakini munyamaze kwanza.»

Watu mia moja na zaidi wakanyamaza. Na katika kimya kile tukasikia. Kriii. Kriii. Na mwingine akajibu.

Profesa alishuka kutoka kiti chake. Aliweka sikio kwenye shina, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kuangaliana. Akaomba lupu, kioo cha kukuzia. Papa akamtolea funza mmoja juu ya jani, akamgeuza tumbo juu kwa ncha ya kijiti. Profesa akahesabu kwa sauti, kwa Kifaransa. Un, deux, trois, quatre. Akakomea hapo. Akaanza upya. Akakomea palepale.

«Na hivi viwili vifupi?»

«Hivyo havitembei, Profesa,» papa akamwambia. «Hivyo ndivyo anaongea navyo. Ngoja atulie, utaona.»

Funza akatulia. Vikaanza kucheza. Profesa akasema kidogo, kama mtu anayeongea peke yake, «Ah bon. Ah bon.» Halafu akageukia ukumbi.

«Nimefundisha miaka ishirini na miwili. Inawezekana kuna kitabu mahali fulani ulimwenguni kinachosema haya, sisi vyetu viliondoka. Lakini hapa Bukavu hayajaandikwa kabla ya mwanafunzi huyu na mzee huyu. Nilimwambia afute. Namshukuru Mungu kwamba ana kichwa kigumu.»

Akaenda kwa papa, akampa mikono miwili. Akamuuliza alisoma mpaka wapi. Papa akajibu, «Mpaka ya sita ya msingi, Profesa. Kisha nikashika randa.» Profesa akasema, «Basi tangu leo, Papa Zagabe, mimi nitakuita mwenzangu.»

Jury ilitoka, ikakaa dakika kumi, ikarudi. Grande distinction, maman, alama ya juu! Ya kwanza katika idara yetu tangu vita vilipoanza! Watu walipiga vigelegele, wenzangu walinibeba, na wakambeba papa pia, akawa anapiga kelele huko juu: «Muchunge gogo! Muchunge gogo!»

Anabaki hapa siku kumi, kwa sababu Profesa anataka achore madirisha yake yalivyo na kuwafundisha wanafunzi kukata. Wamemtafutia randa na misumeno miwili, ni zawadi ya idara. Januari, njia ikiruhusu, wanafunzi kumi na wawili watakuja Nyangezi kujifunza kwake, na kwanza watamsaidia kusimamisha nyumba. Profesa amesema atakuja mwenyewe kubeba matofali.

Sasa hivi amelala kwenye kitanda changu, kinywa wazi, viatu mguuni. Nimemwacha hivyo.

Mtoto wako,
Eulalie Cibalonza, mwenye diploma

*

Nyangezi, 24 Septemba 2000

Mwanangu Eulalie,

Barua yako niliipokea kwa Masera leo baada ya misa. Nilitaka kuisoma peke yangu, nyuma ya darasa, lakini nilipofika pale askari aliporuka nyuma na bunduki yake nilicheka kwa nguvu, na wanawake wakakuja kuuliza kuna nini. Tangu mwezi wa tano hapa misioni hakuna mutu aliyesikia mwingine anacheka namna ile. Wakasema nisome kwa sauti.

Unajua mimi nasoma pole. Nilisimama juu ya benchi. Zikaja familia zote saba za darasa letu, kisha za darasa la pili, kisha watu wa njiani. Kwenye siku kumi na moja mama wa jirani yetu, yule aliyezika watatu, alinishika muguu na hakuniacha mpaka mwisho. Kwenye Profesa anahesabu, watu wote walihesabu pamoja na yeye. Moja! Mbili! Tatu! Nne! Uwanja wote! Na nilipofika kwenye grande distinction sikusikia tena sauti yangu. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walipiga mabati, padri alitoka mbio akifikiri vita vimerudi, na alipoambiwa akaenda mwenyewe kuvuta kengele.

Walicheza mpaka vumbi likafunika migomba. Mimi nilicheza kwanza, kisha nikapanda tena kwenye benchi na kuanza kusoma upya tangu juu, kwa sababu wale wa nyuma walisema hawakusikia vizuri.

Maman yako,
Georgette